TAA ZA GEREJI MAHALI PA BARIDI

(Haya ni mazungumzo ya ndugu mmoja wa reli, fundi wa gereji, aliyoyatoa mbele ya wanachama wa tawi letu. Wanachama waliomba yapigwe chapa, ili wale waliokuwa zamu siku ile nao wapate kuyasoma.)



Tumepewa nafasi ya kusema habari za taa. Twajua wako watakaonung'unika kimoyomoyo wakisema, Mbona leo hatusikii habari za mshahara? Ndugu, habari za mshahara zipo, na mkutano ujao zitakuwapo. Lakini mshahara ukipunjwa mwezi huu, chama chaweza kuudai mwezi ujao, ukalipwa pamoja na malimbikizo yake. Jicho likipofuka, au kidole kikikatwa na mashine, hakuna meza ya mapatano itakayokirudisha. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa tuzungumze habari za taa.

Tena sisi si mainjinia. Sisi ni watu wa spana na tupa. Wengi wetu tulisoma shule ya misheni, tukajua kusoma, kuandika, na hesabu za kuzidisha na kugawanya, kisha tukaenda kazini. Hesabu za leo hazipiti hizo. Kila mtu aliye hapa aweza kuzifuata, na akirudi kazini kwake aweza kuzifanya mwenyewe juu ya karatasi.

Neno letu ni moja, na tunalisema mwanzo ili lisipotee: taa ni chombo cha kazi, kama spana. Spana haichaguliwi na mtu asiyefungua nati. Basi na taa ya gereji yenye baridi isichaguliwe na mtu aliyeketi ofisini, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Ichaguliwe na kujaribiwa na wale watakaoitumia, mahali pale pale, na saa ile ile ya baridi.

BARIDI HULETA GIZA

Tunaposema mahali pa baridi hatusemi Ulaya. Reli ya zamani iliyotoka Mombasa ilipanda mpaka Timboroa, zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari. Mtu aliyefanya kazi Timboroa, Molo, Mau Summit au Limuru ajua baridi ni nini. Hata Nairobi, toka Juni mpaka Agosti, asubuhi nyingi kipimo ni digrii 10 au 12 tu, na jua laweza kujificha mpaka adhuhuri.

Huenda mtu akauliza, Baridi na giza zahusiana nini? Zahusiana sana. Kwanza, baridi hufunga milango. Gereji ya Mombasa hufanya kazi milango wazi, na jua ndilo taa yake. Gereji ya Molo hufunga milango kwa sababu ya upepo na ukungu, na mwanga wa jua ukabaki nje. Kwa hiyo fundi wa mahali pa baridi huhitaji taa hata saa nne asubuhi, wakati mwenzake wa pwani amekwisha kuizima.

Pili, baridi huziharibu taa zenyewe, nasi tutaeleza jinsi gani. Tatu, usiku wa baridi mabati hutoa jasho. Maji yale hudondoka juu ya taa, juu ya swichi na juu ya waya. Nne, vidole vilivyokufa ganzi havipapasi vizuri. Mtu mwenye vidole vya moto aweza kuitafuta nati kwa kugusa, lakini vidole vya baridi hutegemea macho, na macho hutegemea taa. Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, lakini akiinama gizani ataokota nini?

MFANO TULIOUONA

Tutatoa mfano mmoja. Mahali hapatatajwa, wala wakubwa wa pale, kwa kuwa shabaha yetu si kumchongea mtu.

Palikuwa na gereji ya malori katika nyanda za juu, nasi tulikuwa miongoni mwa mafundi wake. Taa zake zilikuwa tyubu, zile ndefu nyeupe. Asubuhi za Julai, ukibonyeza swichi, nyingine ziliwaka, nyingine zilipepesa kama mtu mwenye mchanga jichoni, na nyingine zilikuwa nyekundu-nyekundu miishoni zisiwake kabisa. Kazi ilianza saa moja, na mwanga wa kutosha ulipatikana yapata saa tatu. Asubuhi moja lori lilitengenezwa likatoka. Katika bomba la mafuta ya breki palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, upande wa ndani wa gurudumu. Dereva alipofika njiani aliona pedali inazama chini ya mguu. Alikuwa mtu mzima wa kazi, akatumia gia na breki ya mkono, akasimama salama. Lakini mafundi wawili walipewa barua ya onyo, na neno lililoandikwa lilikuwa uzembe. Hakuna aliyeuliza kama ufa ule uliweza kuonekana.

Mjumbe wetu wa chama hakupiga kelele. Alinunua daftari la shule na kipima joto cha bei ndogo, akakitundika juu ya meza ya kazi. Kila asubuhi aliandika mambo manne: tarehe, saa, kipimo cha joto, na tyubu ngapi zinawaka sawasawa. Mwisho wa majuma mawili daftari lilionyesha wazi kwamba asubuhi za baridi kali zaidi ya nusu ya taa hazikuwa taa. Lilipowekwa mezani, wakubwa walilisoma, wakanyamaza, wakaja wenyewe kutazama saa moja asubuhi. Maonyo yalifutwa, na taa zikabadilishwa. Ndugu, daftari lile lilikuwa na nguvu kuliko hotuba kumi.

KILA TAA NA TABIA YAKE

Sasa tuzitazame taa moja moja, tuone kila moja hufanyaje katika baridi.

Balbu ya zamani, yenye waya unaong'aa ndani, haijali baridi. Ukiwasha, yawaka mara moja. Lakini ni mlafi wa stima: sehemu kubwa ya stima inayokula huigeuza kuwa joto, na kidogo tu huwa nuru. Maisha yake ni kama saa 1,000 tu. Zile taa za halojeni za wati 500 ni ndugu zake. Zaangaza sana, lakini kioo chake huunguza ngozi na chaweza kuwasha kitambaa chenye mafuta.

Tyubu hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna zebaki kidogo sana iliyo kama mvuke. Stima ikipita katika mvuke huo hutoa nuru isiyoonekana kwa macho, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza iwe nuru ya kuonekana. Tyubu hupenda hewa ya digrii 25 hivi. Baridi ikizidi, mvuke wa zebaki hupungua, na nuru hupungua pamoja nao. Chini ya digrii 10 tyubu za kawaida huwa ngumu kuwaka, na karibu na sifuri nuru yaweza kushuka mpaka nusu hivi. Stima ikiwa hafifu asubuhi, kwa kuwa mashine nyingi zinawashwa pamoja, mambo huwa mabaya zaidi. Tena kila mara tyubu inapojaribu kuwaka ikashindwa, miisho yake hulika, nayo hufa kabla ya siku zake. Basi fundi akiambiwa, Taa mnazo, ni nyingi, na aulize, Ni nyingi saa ngapi?

Ziko pia taa kubwa za kutundikwa juu sana, za zebaki au za sodiamu. Hizi huchukua dakika kadha mpaka ziwake kwa nguvu zote. Stima ikikatika hata kwa nukta moja, lazima zipoe kwanza kabla ya kuwaka tena, na wakati huo ninyi mko gizani na mashine bado zinazunguka kwa mwendo zilio nao. Tena ile ya sodiamu, yenye rangi ya chungwa, huficha rangi za vitu. Waya wa kahawia na waya mwekundu huonekana mamoja. Hiyo ni taa ya barabara na ya uwanja wa mabehewa, haifai meza ya fundi.

Mwisho, taa za LED. Hizi baridi haizidhuru. Hata hutoa nuru vizuri zaidi na kudumu zaidi palipo na baridi kuliko palipo na joto. Zawaka mara moja. Zilizo bora hudumu saa 25,000 na zaidi, nazo hula stima kidogo. Kwa gereji ya mahali pa baridi hatuoni taa nyingine ya kuzishinda.

Lakini msiseme, Basi LED yoyote yatosha. LED ina kisanduku cha kuitengenezea stima yake, na kisanduku kibovu huiua taa au huifanya ipepese. Stima inayoruka-ruka huviua visanduku vingi, kwa hiyo yafaa kifungwe kinga katika boksi la stima. Tena wako wanaotoa tyubu ya zamani na kuchomeka tyubu ya LED katika nyumba ile ile. Jambo hilo laweza kufanyika, lakini mara nyingi waya za ndani lazima zibadilishwe, na tyubu nyingine ikifungwa kwa makosa miisho yake huwa na stima. Kazi hiyo ni ya fundi wa stima mwenye leseni. Fundi wa magari asitumwe juu ya ngazi kuifanya.

Liko na jambo jingine la kuwakumbusha wakubwa wa kazi. Mwaka 2023 mataifa ya mapatano ya Minamata, yanayohusu zebaki, yalikubaliana kukomesha kutengeneza na kuuza nje taa za tyubu ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Kwa hiyo mwajiri atakayenunua tyubu mpya kwa gereji nzima ananunua kitu ambacho kesho atakitafuta dukani asikione.

MWANGA HUPIMWA

Mtu akisema, Mwanga huu hautoshi, na mwingine akisema, Watosha, watabishana mpaka jioni. Lakini mwanga hupimwa kama urefu unavyopimwa. Kipimo chake ni luksi. Mbalamwezi haifiki luksi 1. Nje, siku ya mawingu, huwa luksi 10,000 hivi. Uingereza, mwaka 1941, sheria ya taa za viwandani iliweka kipimo ambacho kwa hesabu ya leo ni kama luksi 65, futi 3 juu ya sakafu. Hicho kilikuwa kipimo cha siku za vita. Kipimo cha siku hizi cha nchi za Ulaya kwa kazi ya kawaida ya kutengeneza magari ni luksi 300, na kazi ndogo-ndogo ya kutazama kwa makini huhitaji zaidi.

Sasa chukueni kalamu. Gereji ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Mara, ni mita 60 za mraba. Twataka luksi 300. Tukizidisha 300 kwa 60 twapata 18,000. Hiyo ndiyo nuru inayotakiwa kufika chini, na kipimo cha nuru itokayo katika taa huitwa lumeni. Lakini si nuru yote ifikayo chini. Nyingine hunywewa na kuta, nyingine na vumbi, na taa yenyewe huzeeka. Hesabuni kwamba nusu hupotea. Basi twahitaji taa za jumla ya lumeni 36,000.

Tyubu nzuri ya LED ya futi 4, ya wati 18, hutoa kama lumeni 2,000. Gawanyeni 36,000 kwa 2,000: tyubu 18, yaani nyumba 9 za taa mbili mbili. Stima yake ni wati 324. Kwa saa tisa za kazi haifiki yuniti 3. Mwanga huo huo kwa balbu za zamani za wati 60, ambazo kila moja hutoa lumeni 700 hivi, ungetaka balbu zaidi ya 50 na yuniti zaidi ya 27 kwa siku. Hesabu hii ipelekeni kwa karani wa fedha. Yeye huenda asipende habari za macho yetu, lakini habari za yuniti ataisoma mara mbili.

Tazameni pia maandishi ya sanduku la taa. Namba yenye herufi K yaeleza rangi ya nuru. Iliyo karibu na 4000K ni nyeupe ya kawaida, yafaa kazi. Ya 6500K ina ubuluu, na wengi wetu huona yachoma macho. Kadhalika tafuteni namba ya kuonyesha rangi za vitu, isiwe chini ya 80, ili waya wa kijani uonekane kijani na mafuta machafu yaonekane machafu.

KIVULI NI ADUI

Gereji yaweza kuwa na luksi 300 na bado fundi akafanya kazi gizani. Sababu ni kivuli. Taa ikitundikwa katikati ya mahali pa lori, huangaza paa la lori, na paa la lori halihitaji kutengenezwa. Boneti likifunguliwa, huziba nuru yote. Basi taa zitundikwe katika mistari kati ya lori na lori, na pembeni pia, ili nuru iingie kutoka ubavuni.

Mezani, taa isiwe nyuma ya mgongo wa fundi, maana atafanya kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe. Iwe mbele yake na juu, lakini ifunikwe isimwangaze machoni. Taa kali isiyofunikwa hupofusha, na mtu akitoa macho kwake akayarudisha chini ya lori haoni kitu kwa muda.

Kuta zipakwe rangi nyeupe. Kopo la rangi ni rahisi kuliko taa mbili, na ukuta mweupe hurudisha nuru chini ya gari. Mabati yanayopitisha mwanga, kama yapo, yaoshwe ndani na nje. Tumeona paa lenye mabati kama hayo manne, yote meusi kwa moshi, na chini yake watu wanaomba taa.

MASHINE INAYOONEKANA IMESIMAMA

Jambo hili lisikilizeni vema, kwani limewatoa watu vidole.

Stima ya nchi yetu huenda na kurudi mara 50 kwa nukta moja. Kwa hiyo tyubu ya zamani hung'aa na kufifia mara 100 kwa nukta. Jicho halitambui, lakini mashine hutambulika. Chukueni mashine ya kukereza chuma yenye kishikio cha taya nne, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mara 25 kwa nukta. Kila nukta taya 100 hupita mahali pamoja, na nuru nayo hung'aa mara 100. Basi kila inaponga'ra, taya iko pale pale. Jicho huona kishikio kimesimama kimya, na mtu akanyosha mkono kukifungua.

Dawa ziko. Taa za mashine zigawanywe katika njia tatu za stima, ili moja ikififia nyingine ing'ae. Au zitumike taa zenye vifaa vya kisasa ambavyo kupepesa kwake ni maelfu mengi kwa nukta, au LED yenye kisanduku bora. Hata LED ya bei ya chini yaweza kupepesa, kwa hiyo ijaribuni: shikeni kalamu nyeupe mbele ya kitu cheusi, muitikise upesi chini ya taa. Mkiona ukungu mmoja laini, taa ni njema. Mkiona kalamu nyingi zimepangana kama vidole, taa ile isiwekwe juu ya mashine inayozunguka.

SHIMO NA TAA YA MKONO

Shimo la gereji ndilo mahali pa giza kuliko pote, na ndilo lenye hatari kubwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, ukashuka shimoni na kutulia humo kama maji. Milango ikifungwa kwa baridi, hakuna upepo wa kuuondoa. Cheche moja yatosha.

Kwa hiyo taa ya shimoni iwe ya namna iliyothibitishwa kwa mahali penye mvuke wa kuwaka, imefungwa ndani ya ukuta nyuma ya kioo kinene, na swichi yake iwe nje ya shimo. Taa ya mkono isiwe ya volti 240. Fundi aliyelala juu ya saruji yenye maji, akashika taa ambayo waya wake umechubuka, hana pa kukimbilia. Taa ya mkono iwe ya volti 24 au chini, na kifaa cha kushusha stima kikae nje ya shimo. Au iwe ya betri, ya namna iliyothibitishwa. Balbu ya kioo yenye moto haifai kabisa, kwani tone moja la petroli au la maji baridi laweza kuipasua, na waya wake unaowaka ukakutana na mvuke.

Taa zote za gereji yenye jasho la mabati ziwe katika nyumba zilizofungwa, zisizopenya maji wala vumbi. Njia za stima za gereji ziwekewe ile swichi ya usalama inayokata stima mara inapovuja.

TAA SI JIKO

Wako wanaosema, Tuacheni na balbu zetu, angalau zatupasha moto. Ndugu, joto la balbu iliyo darini hupasha mabati, halifiki vidoleni. Joto lidaiwe kama joto, na nuru idaiwe kama nuru. Tukivichanganya vyote viwili katika dai moja, tutapewa nusu ya hiki na nusu ya kile.

Wala mtu asilete jiko la makaa ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa makaa una sumu isiyo na harufu, huua mtu akidhani anasinzia. Na pale penye petroli hatuna haja ya kueleza.

Tyubu za zamani zikitolewa zisitupwe shimoni wala kuvunjwa kwa mchezo, kwa sababu ya ile zebaki. Ikivunjika moja, fungueni milango, tokeni kwa muda wa robo saa, kisha vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, si kwa mkono mtupu, vitiwe katika kitu cha kufungwa.

SHERIA NA DAI LETU

Dai hili si la kuomba huruma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyoshika mahali pa sheria ya zamani ya viwanda, yamtaka mwenye mahali pa kazi aweke mwanga wa kutosha na wa kufaa, wa jua au wa taa, katika kila sehemu ambapo watu hufanya kazi au kupita. Vioo vya madirisha na vya paa visafishwe ndani na nje. Tena mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wamo ndani yake. Sheria hiyo hiyo yamwambia mfanya kazi atoe habari kwa msimamizi wake akiona hatari. Basi kunyamaza si adabu.

Tunaleta mbele ya tawi mambo matano:

1. Kila gereji na karakana iwe na daftari la taa. Mjumbe aandike saa, joto, na taa zinazowaka, kwa majuma mawili ya baridi.

2. Daftari lipelekwe kwa kamati ya usalama kwa barua, na nakala ibaki kwa Katibu wa tawi.

3. Kabla taa mpya hazijanunuliwa, mbili zitundikwe kwanza mahali pa lori moja, zijaribiwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, na mafundi waandike maoni yao.

4. Kipimo cha mwanga kiandikwe katika mapatano, pamoja na siku za kuosha taa na vioo. Ahadi ya mdomo huzimika upesi kuliko tyubu.

5. Fundi akilaumiwa kwa kazi mbovu, swali la kwanza la mjumbe liwe, Mwanga ulikuwa kiasi gani saa ile?

Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Fundi mmoja akilalamika juu ya taa ataitwa mvivu au mzee asiyeona. Gereji nzima ikileta daftari, itasikilizwa. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kushika spana, kila mtu ainue macho atazame taa iliyo juu yake, ahesabu ngapi zinawaka, na aandike. Daftari ni la bei ndogo, na kalamu tunazo.

 Wenye maswali na waulize sasa.